Majalada ya Santuri za Mzee

4 Machi

Fundi Meno,

Salamu utazipata mwisho wa barua nikizikumbuka. Sasa hivi nina hasira na nataka kuzitumia kabla hazijapoa.

Ile kazi uliyosema "naboresha kidogo tu, Mama Mdogo, hamtaona tofauti," tofauti tumeiona. Picha zote za santuri za baba yako zimetoweka kwenye tableti. Kila palipokuwa na jalada sasa pana mraba wa kijivu wenye kialama cha muziki katikati. Miraba mitupu, juu mpaka chini, kama ukuta wa choo cha ofisi.

Utasema si neno, majina yameandikwa chini. Majina yapo. Lakini tangu kiharusi kimpate, baba yako hasomi. Herufi anaziona vizuri kabisa, ila hazimwambii kitu. Daktari alitueleza, na wewe ulikuwepo kwenye simu. Anachojua ni picha. Tarumbeta jekundu ni dansi ya asubuhi. Mlima wenye theluji ni kinanda cha mchana. Mwanamume mwenye miwani na mbwa ni zile nyimbo za kuchekesha. Ndivyo anavyochagua mwenyewe, kwa kidole chake, bila kuniuliza mimi, na hilo ndilo jambo pekee analolifanya siku nzima bila msaada wa mtu.

Leo asubuhi alibonyeza mraba, akapata mahubiri. Akabonyeza mwingine, akapata mafunzo ya Kifaransa. Uliofuata ulikuwa sauti za ndege. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyemfanyia, akaitupa tableti kwenye kochi. Nashukuru ilikuwa kochi.

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu mmoja wetu hukata kabla mwenzake hajamaliza, na safari hii nataka kumaliza. Miaka yote niliyofanya kazi mahakamani nimepiga chapa hukumu za watu wenye makosa madogo kuliko hili lako. Zirudishe.

Mama Mdogo

Baba hajambo, anakula. Salamu ndiyo hizo.


6 Machi

Mama Mdogo, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimeshika meno ya bandia ya mteja, seti nzima ya juu, na nusura niyaangushe.

Kosa ni langu nusu. Nilihamisha muziki wote kutoka kwenye kompyuta ya zamani na kuuweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili niweze kuushughulikia nikiwa huku bila kukusumbua. Nyimbo zilihama. Picha zilikuwa kwenye folda ya peke yake, na hiyo folda haikuhama. Nikajiambia si tatizo, nitampigia Mama Mdogo aiwashe ile kompyuta ya zamani nizivute. Ndipo nikakumbuka kwamba ile kompyuta ya zamani ulimpa fundi wa televisheni aichinje apate vipuri. Nilikuandikia kwa herufi kubwa usimpe mtu. Ujumbe wenyewe bado ninao.

Nusu ya pili ya kosa nakuachia.

Dawa ipo. Santuri zenyewe ziko stoo kwenye masanduku, na kila moja ina jalada lake. Naomba uyapige picha kwa simu yako. Weka jalada sakafuni karibu na dirisha, mchana, usiwashe taa ya kamera. Simama juu yake, simu iwe bapa, pembe zote nne zionekane. Kidole kisiwepo. Kisha nitumie pamoja na jina lililoandikwa juu. Mimi nitakata kingo na kuipachika kila picha mahali pake.

Wakati huohuo nimeiamuru programu ya muziki itafute majalada mtandaoni yenyewe. Inaweza kuyapata mengi. Mwambie baba avumilie kidogo.

Fundi Meno


11 Machi

Marahaba,

Programu yako imeyapata. Kwaya ya kina mama imepewa fuvu la kichwa linalotoa moto machoni. Kinanda cha mchana kimepewa mwanamke ambaye nguo zake zingeingia kwenye bahasha. Baba yako amempenda huyo mwanamke, na tangu juzi tunasikiliza kinanda asubuhi, mchana na jioni. Lakini jirani yetu mcha Mungu alikuja kumjulia hali, akaliona fuvu, akaomba dua ndefu kuliko kawaida yake. Iambie programu iache kutusaidia.

Kazi yako nimeianza. Nimeianza kwa magoti haya haya unayoyajua. Masanduku yalikuwa chini ya vitanda vibovu, na vitanda chini ya mapazia ya zamani, na juu ya mapazia kulikuwa na baiskeli uliyosema utaifuata. Nimetoa, nimepangusa, nimepiga chafya mpaka mbavu zikauma. Unasema simu iwe bapa. Nikiishika bapa sioni ninachokipiga. Unasema kidole kisiwepo. Simu niishike kwa nini, kwa meno? Huo ni utaalamu wako, si wangu.

Jambo moja nikuambie. Nilipokuwa sakafuni baba yako alikuja na fimbo yake, akakaa kitini. Nikampa jalada moja alishike ili asinisumbue. Akaligeuza, akanusa ndani, akaitoa santuri kwa ncha za vidole bila kugusa uso wake, kama alivyokuwa akifanya wakati ule kwenye duka lake la santuri. Mkono ule ule unaoshindwa kufunga kifungo cha shati. Tangu hapo kila nikimaliza kupiga moja nampa, anaipangusa kwa mkono wa sweta, anaiweka upande wake. Kwa hiyo kazi ya asubuhi moja imekula siku zote hizi.

Nimekutumia. Usiniulize habari za pembe.

Mama Mdogo


14 Machi

Mama Mdogo, shikamoo,

Picha nimezipata. Za pembe siulizi, maana nyingi zina tatu.

Moja ni dari. Moja ni mguu wa baba, na soksi ina tundu, naomba umnunulie nyingine. Kwenye majalada yanayong'aa unaonekana wewe mwenyewe umeinama, kitambaa kichwani, uso umeukunja. Yule mpiga tarumbeta ana sura yako tumboni. Dole gumba lako sasa nalifahamu kuliko la kwangu. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kulinganisha rangi ya jino la bandia na ya meno ya kweli hadi mtu asiweze kulitambua, kwa hiyo dole gumba si la kunishinda. Jioni zote hizi nimefuta, nimenyoosha, nimepachika. Fuvu limeondoka. Mwanamke wa kinanda pia ameondoka, mpe baba pole.

Limebaki moja. Ile santuri ya bendi ya hoteli, aliyoimba mama. Amesimama mbele, gauni la manjano, kipaza sauti mkononi, na baba yuko nyuma yake upande wa kulia na gitaa lake la besi. Ulituma sauti za ndege. Ulituma mafunzo ya Kifaransa, sehemu ya kwanza na ya pili. Hiyo hukuituma. Labda imekupita. Naomba uiangalie.

Fundi Meno


17 Machi

Marahaba,

Majalada yamerudi na baba yako ameyaona. Alipoliona tarumbeta jekundu aliligusa, muziki ukaanza, akacheka peke yake. Asante kwa hilo.

Hiyo moja iliingiwa na maji. Haifai kupigwa picha. Iache iwe ya kijivu, mraba mmoja hautamuua mtu.

Soksi nimenunua.

Mama Mdogo


20 Machi

Mama Mdogo,

Maji yaliingia kwenye santuri moja tu, katikati ya sanduku, yakaziacha za kushoto na za kulia kavu. Hayo maji yana akili.

Nilipokuja mara ya mwisho niliona picha ya mama sebuleni haipo. Pamebaki msumari. Nilisema moyoni kwamba nyumba ni yako na ukuta ni wako. Uliolewa kwenye nyumba yenye picha ya mwanamke mwingine, ukaivumilia miaka mingi, hilo sikatai. Lakini mama alikufa nikiwa shuleni. Hawezi kukunyang'anya chochote. Na huu muziki si ukuta wako. Ni wa baba, na mimi ndiye niliyekaa naye likizo nzima tukiuingiza kwenye kompyuta, santuri moja baada ya nyingine, yeye akiwa bado anaweza kusoma.

Shangazi ana nakala yake, na jalada lake halikuingiwa na maji. Amelipiga picha vizuri kabisa. Nimeipachika leo kutoka huku huku. Usijisumbue kufanya lolote.

Fundi Meno


29 Machi

Binti yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikupata nafasi ya kukaa. Sasa amelala usingizi wa mchana. Soma mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Picha uliyoipachika ilitokea asubuhi tukiwa mezani. Nilikuwa namkatia mkate. Yeye anapitisha kidole kwenye tableti kama kawaida yake, mara kidole kikasimama. Akaniuliza kwa sauti safi ambayo sijaisikia tangu augue, "Huyu yuko wapi?"

Sasa nitakueleza nilichokuficha. Hakuwa akiuliza kwa mara ya kwanza. Alipotoka hospitali, siku za mwanzo, aliuliza hivyo hivyo mbele ya ile picha ya sebuleni. Nikamwambia kweli, kwa upole, kwamba alifariki zamani. Nilidhani atakumbuka. Hakukumbuka. Kwake ilikuwa habari mpya. Alilia kama mtu aliyefuatwa kazini akaambiwa. Akauliza nani amemzika, na kwa nini yeye hakuitwa. Nikakaa naye mpaka akatulia. Kesho yake, kikombe cha chai mkononi, akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia tena, akalia tena, vile vile, bila kupungua hata kidogo. Alipouliza siku iliyofuata sikuweza. Nikasema sijui. Nikaitoa picha ukutani, nikaizungushia shuka, nikaificha kabatini pamoja na lile jalada. Halikuingiwa na maji. Hapo nilidanganya.

Picha ilipoondoka, swali nalo likaondoka. Ndiyo sababu.

Safari hii nilimjibu kwamba ametoka. Basi akataka kumpokea. Akadai koti, akadai viatu vya kamba, akaenda kukaa getini kwenye kiti cha plastiki. Nikampelekea chakula, akasema atakula huyo mwenyewe akirudi. Mvua ikaja, nikamshikia mwavuli, akausukuma kwa sababu ulimzuia kuona barabara. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho yake tena. Watu wakipita wanamsalimu, naye anawauliza kama wamemwona mwanamke wa gauni la manjano. Kifua kikambana. Daktari amempa dawa, anaendelea vizuri, usije mbio.

Siku moja pale getini niliishiwa nguvu. Nikamwambia, "Mzee, twende ndani. Mimi nimechoka."

Akaniangalia kwa adabu sana, kama unavyomwangalia mtu mliyekutana kwenye foleni. "Na wewe, mama," akasema, "unamngoja nani?"

Nimekaa naye kama mke miaka mingi kuliko marehemu mama yako. Simlaumu marehemu, nielewe vizuri. Lakini ulitaka nikuandikie nini? Kwamba mume wangu ananiuliza mke wake yuko wapi? Nimeianza barua hiyo zaidi ya mara moja. Mimi ni mtu niliyepiga chapa mambo mazito ya watu bila kukosea herufi, na ya kwangu yamenishinda.

Basi fanya unavyoona. Wewe ndiye mwenye vitufe.

Mama Mdogo


1 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo,

Nimeiondoa. Nilikuwa nimeshaiondoa kabla sijafika mwisho wa barua yako, najua ulisema nisome kwanza.

Tangu jana naandika nafuta, naandika nafuta, hadi bosi ameniuliza kama natunga barua ya kuacha kazi. Nisamehe. Nilidhani unamfuta mama. Halikunijia hata kidogo kwamba baba angefiwa upya kila asubuhi, na kwamba wewe ndiye ungekuwa unampa habari.

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, na programu.

Nimeomba ruhusa kazini, nangoja jibu. Kwa sasa naweza kuweka kitu kingine pale, ua, au gitaa, chochote kisichomkumbusha. Niambie tu.

Fundi Meno


6 Aprili

Marahaba,

Mwanangu, mkono wako una haraka kuliko akili. Nani alikuambia uiondoe? Nilisema ufanye unavyoona, sikusema ufanye mbio.

Ameshamwona. Sasa anamtafuta ndani ya tableti. Anapitisha kidole mpaka anafika kwenye ule mraba wa kijivu, anaugonga kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi, kisha ananiletea mimi nimfungulie. Nikimchagulia tarumbeta anaisukuma tableti. Hilo ua lako usithubutu.

Juzi nilikuwa nafua, mikono imejaa povu, akaja mlangoni amevaa koti lake na swali lake. Nilikuwa nimechoka, sikupanga neno. Nikasema, "Yuko mazoezini."

Nikangoja kilio. Yeye akafikiri, akasema, "Basi leo watachelewa. Yule mpiga ngoma hajawahi kufika kwa wakati." Akavua koti mwenyewe, akaja mezani, akala, akaomba kuongezewa.

Nimepiga chapa uongo mwingi wa mashahidi, na waliogunduliwa walifungwa. Sijapata kuona uongo unaomrudishia mtu hamu ya kula. Tangu siku hiyo tunakwenda hivyo. Nikisema yuko mazoezini, yeye ndiye anayeendeleza: kwamba bendi imepata kazi ya wiki nzima hotelini, kwamba gauni la manjano lilishonwa na fundi mwenye jicho moja na bado mshono umenyooka, kwamba mama yako akikosea mstari hucheka hapo hapo jukwaani, na watu hudhani kicheko ni sehemu ya wimbo. Hilo la kucheka sikulijua. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunieleza habari za mama yako, nadhani kwa kunionea haya, na mimi sikuuliza kwa kujionea haya mwenyewe. Sasa ananihadithia kama jirani, nami namsikiliza kama jirani, na kusema kweli ni habari tamu. Nadhani tungepatana, mimi na mama yako.

Nisikudanganye kwamba haiumi. Kuna wakati natoka nje nazunguka nyumba, narudi. Lakini jana aliniuliza kama na mimi ni mwimbaji. Nikasema siimbi. Akanivutia kiti karibu na chake. "Basi kaa hapa," akasema, "tumsikilize huyu anayejua."

Nikakaa. Mkono wake aliuacha juu ya mkono wangu mpaka wimbo ukaisha.

Kwa hiyo irudishe. Ila usitumie ya shangazi yako, imekata upande wa kulia na baba yako amebaki kiwiko. Nimelitoa jalada letu kabatini na kulipiga picha mwenyewe. Nakutumia.

Mama Mdogo


8 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo,

Imerudi. Picha yako sikuikata wala kuinyoosha. Upande wa chini kuna kivuli chako, umeinama juu yao wote wawili. Nilitaka kukifuta, mkono ukakataa. Nimekiacha.

Ruhusa imepatikana, nafika Jumamosi.

Nina swali moja, na naomba usinijibu kwa mkato. Kama kwake mama yuko mazoezini, mimi niko wapi? Nitaingia mlangoni hapo mwanamke mzima, nina mvi na begi na miwani ya kusomea. Akinitazama kwa adabu, kama mtu wa kwenye foleni, niseme mimi ni nani? Naomba nijue mapema, nisije nikasimama mlangoni nikalia, nikakuongezea mgonjwa wa pili.

Fundi Meno


9 Aprili

Mwanangu,

Atakuitaje ukiingia sijui, na sitakuahidi nisichokijua. Labda atakuita nesi. Mimi juzi nilikuwa karani wa posta.

Lakini usidhani hupo hapa. Kila jioni tukikaa kusikiliza, wimbo ukianza tu, ananinyamazisha kwa kidole mdomoni. Kisha ananionyesha mlango wa chumba chako, na sauti anaipunguza yeye mwenyewe, kwa mkono ule mbovu, hadi inabaki kama mtu anaimba nyumba ya tatu.

"Mtoto ana mtihani kesho," ananiambia.

Nikijaribu kuongeza, anapunguza. Tumegombana kwa ajili hiyo, na amenishinda. Tangu tuanze kusikiliza pamoja sijausikia wimbo hata mmoja wa mama yako ukaeleweka maneno yake.

Kwa hiyo njoo, ukae naye, umwambie umefaulu, tuongeze sauti.

Mama Mdogo